Posho, Zamu na Saini: Maswali ya Wahudumu wa Ustawi wa Jamii Kuhusu Chama cha Wafanyakazi

Barua za mwezi huu zimetoka kwa walezi wa makao ya watoto, watunzaji wa wazee na watu wanaotembelea kaya kata kwa kata. Nyingi zinauliza jambo linalofanana: chama cha wafanyakazi kina nguvu gani pale mwajiri anapokuwa shirika linaloendeshwa kwa fedha za mfadhili? Majibu yetu yanahusu Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi, zote za mwaka 2004. Wasomaji wa Zanzibar wana sheria zao za kazi, na hesabu za siku na idadi zilizomo humu wasizichukue kama zilivyo.

Habari za kazi. Natembelea kaya 38 katika kata mbili kwa niaba ya shirika moja. Nimepewa fulana, begi, simu ya kujazia taarifa na ratiba ya kila wiki. Malipo yangu ni posho ya shilingi 120,000 kwa mwezi. Nilipouliza habari za chama nikajibiwa kwamba mimi ni mtu wa kujitolea, na chama ni cha waajiriwa. Ni kweli? (Mtembelea kaya, Kahama)

Ndugu, jina uliloandikiwa kwenye karatasi halimalizi swali. Sheria ya Taasisi za Kazi inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata moja tu kati ya mambo saba: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, amefanya kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea anayemfanyia kazi kwa kipato chake, amepewa vitendea kazi, au anamfanyia kazi huyo mmoja tu.

Kwako yapo zaidi ya moja. Ratiba inakupangia saa. Begi na simu ni vitendea kazi. Na ukitembelea kila kaya mara mbili kwa mwezi, saa moja kila mara, tayari ni saa 76, bado hujahesabu mwendo wa njiani wala muda wa kujaza taarifa.

Zingatia maneno "mpaka ithibitishwe vinginevyo". Shirika linaweza kuleta ushahidi kwamba unachagua siku zako mwenyewe, au kwamba ile 120,000 ni nauli unayorudishiwa. Kwa hiyo anza leo kutunza vitu vyako: ratiba, ujumbe wa msimamizi anayekuuliza kwa nini hukwenda kaya fulani, kumbukumbu za malipo kwenye simu, hati uliyosaini ulipokabidhiwa vifaa, na daftari lako la tarehe, saa ya kutoka na saa ya kurudi.

Usiguse faili za familia. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu limewaponza wengi: mtu anapiga picha fomu zenye majina ya watoto ili aonyeshe wingi wa kazi, kisha anashtakiwa kwa kuvunja usiri wa wateja, na kesi ya ajira yake inageuka kesi ya nidhamu. Hesabu ya kaya kwa tarehe inatosha, bila jina la mtu.

Ukiletewa fomu mpya ya "makubaliano ya kujitolea", andika tarehe halisi ya siku unayosaini na ubaki na nakala. Fomu yenye tarehe ya kurudishwa nyuma inaweza kufuta miezi yako yote iliyopita.

Tupo wafanyakazi 34 wa makao ya watoto na kituo cha wazee. Tunataka kuunda chama chetu wenyewe ili tusimezwe na vyama vikubwa. Inawezekana? (Mlezi, Morogoro)

Inawezekana. Mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20 unatosha kuanzisha chama. Mnapitisha katiba, na ndani ya miezi sita mnaomba usajili kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi.

Ushauri wetu ni msifanye hivyo, na sababu ni hesabu. Chukueni ada ya asilimia 2 na mshahara wa shilingi 390,000: watu 34 wanazalisha 265,200 kwa mwezi. Humo mtoe ofisi, ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka, nauli za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na mwanasheria siku mkiburuzwa mahakamani. Hazitoshi.

Tafuteni chama kilichosajiliwa ambacho katiba yake inataja kazi yenu. CHODAWU kinahusika na huduma za jamii, TUGHE kina wafanyakazi wa afya, TUICO kina sekta ya huduma na ushauri. Kabla ya kujaza fomu, mwambieni katibu wa mkoa awaonyeshe kifungu cha katiba kinachowagusa, maana mwajiri naye atakitafuta. Mwulizeni pia mambo mawili: tawi linabakiziwa sehemu gani ya ada, na nani atakuja mezani siku ya majadiliano. Akisita kwenye la pili, nendeni chama kingine.

Mkifika wanachama 10 mahali pa kazi, chama kinaweza kufungua tawi hapo. Wawakilishi wanafuata idadi ya wanachama: 1 hadi 9, mwakilishi mmoja, 10 hadi 20, watatu, 21 hadi 100, kumi, zaidi ya 100, kumi na watano, na kati ya hao angalau watano wawawakilishe wanawake kama wapo. Kwenye makao ya watoto hakikisheni mmoja anatoka zamu ya usiku. Kamati yenye watu wa mchana peke yao husahau nusu ya matatizo.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Je, haya yote yananihusu? (Msomaji, Singida)

Kwa sehemu. Wewe ni mtumishi wa umma, na wenzako wengi wako TALGWU, chama cha watumishi wa serikali za mitaa, au TUGHE. Majadiliano yenu yanapita kwenye sheria ya majadiliano ya utumishi wa umma ya mwaka 2003 na kwenye baraza la wafanyakazi. Mkurugenzi hapangi ngazi za mishahara, kwa hiyo msimalizie kikao cha baraza huko. Bananeni naye kwa yale yaliyo mikononi mwake: mafuta ya kufuatilia mashauri, chumba cha faragha cha kumsikiliza mtoto, malipo ya kuitwa usiku na polisi.

Tumejaza fomu za kukatwa ada miezi minne iliyopita. Kwenye hati ya mshahara makato yanaonekana, lakini chama kinasema hakijapokea hata senti. (Mweka hazina wa tawi, Mbeya)

Hili halina majadiliano marefu. Mfanyakazi akisharidhia kwa fomu rasmi, TUF 6, mwajiri anapaswa kukata na kuwasilisha ada kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi wa makato. Akichelewa bila sababu ya msingi, anadaiwa asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa ada ya 200,000, kila siku inaongeza 10,000.

Kabla ya kuandika barua ya madai, kagueni upande wenu. Mara nyingi tatizo huanzia kwenye fomu: saini imekosekana, jina halilingani na la kwenye orodha ya mishahara, au katibu alituma orodha ya majina kwa barua pepe badala ya fomu za mtu mmoja mmoja. Orodha si ridhaa. Peleka fomu kwa barua ya kukabidhi, idadi ikiwa imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Mwajiri anatakiwa pia kuambatanisha orodha ya waliokatwa kila mwezi. Iombeni. Huko ndiko mtakakoona nani amejitoa kimyakimya. Mwanachama ana haki ya kujitoa, ila kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Wakijitoa watu sita ndani ya wiki moja kwa barua zenye maneno yaleyale, ongeeni nao mmoja mmoja nje ya eneo la kazi, bila kuwalaumu. Sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya chama.

Shirika letu lina watu 46, wanachama ni 22. Mkurugenzi anakataa kututambua kwa sababu hatujafika nusu, na anasema mameneja miradi wetu wawili hawaruhusiwi kuwa wanachama. (Katibu wa tawi, Dodoma)

Hapa zimechanganywa haki mbili. Kuingia mahali pa kazi kusajili wanachama, kukatiwa ada na kuwa na wawakilishi havidai wingi wowote. Hizo daini leo: chama kinampa mwajiri notisi kwa fomu rasmi, naye ana siku 30 za kukutana nanyi na kuziweka kwenye makubaliano. Wingi unahitajika pale chama kinapotaka kuwa mjadili pekee kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kundi husika.

Katika hesabu ya wingi, anzeni na jumla ya wafanyakazi kabla ya idadi ya wanachama. Kati ya hao 46, nani ni menejimenti ya juu? Kwa tafsiri ya sheria ni yule anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na pia ana mamlaka ya kufunga mkataba wa pamoja na wafanyakazi. Yote mawili. Meneja mradi anayesimamia watu kumi lakini hawezi kusaini mkataba huo bado ni mfanyakazi wa kawaida kwa maana hii. Cheo cha "meneja" mlangoni hakibadilishi kitu. Tuseme wanaotimiza masharti yote mawili ni watatu. Mnabaki 43, na zaidi ya nusu ya 43 ni 22. Mmefika.

Angalieni ujanja mmoja: mwajiri anawaondoa mameneja miradi kwenye idadi ya wanachama, kisha anawaacha kwenye jumla. Ama wahesabiwe pande zote mbili, ama watoke pande zote mbili.

Hata hivyo msipeleke notisi mkiwa 22. Mkataba wa mtu mmoja ukiisha mwezi ujao, wingi umeyeyuka kabla ya kikao. Ongezeni mpaka 26 au 27. Na kuna jambo linalosahaulika mara nyingi: kama mnao wahudumu wa kujitolea 15 ambao mnadai ni waajiriwa, sawa na ndugu wa Kahama hapo juu, basi nao wanaingia kwenye jumla. 43 inakuwa 58, na wingi ni 30. Wasajilini kwanza, au kwenye notisi mtaje wazi kwamba kundi mnaloliombea ni wenye mikataba ya ajira. Tunapendelea njia ya kwanza, ingawa ni ndefu. Kuwaacha wanyonge nje ya meza ili hesabu itimie ni mwanzo mbaya wa chama.

Andaeni jedwali: jina, cheo, kituo, tarehe ya TUF 6, tarehe ya mwisho wa mkataba. Baada ya notisi, mwajiri ana siku 30 za kukutana. Akikataa au msipoafikiana, suala linakwenda CMA kwa usuluhishi, na likishindikana huko, Mahakama ya Kazi inaamua.

Sisi ni walezi wa zamu. Mwajiri anasema hana ugomvi na chama, ila bajeti ya mfadhili imefungwa kwa miaka miwili. Sasa tujadili nini? (Mwenyekiti wa tawi, Arusha)

Mara nyingi anasema kweli, na ndiyo sababu tarehe ya kupeleka madai ina uzito kuliko hata madai yenyewe. Mshahara kwenye shirika la namna hii huamuliwa siku andiko la mradi linapoandikwa. Mkifika mezani baada ya andiko kusainiwa, mnabishana na mtu asiye na ufunguo wa sanduku. Swali la kwanza mezani liwe: andiko lijalo linaandikwa mwezi gani? Kisha mkataba wenu wa hali bora, yaani ule wa pamoja kati ya chama na mwajiri, useme kwamba ngazi za mishahara zitajadiliwa na tawi siku 60 kabla ya andiko lolote kupelekwa kwa mfadhili.

Chama kilichotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohusika ili kijadili kwa tija. Msiombe "mkataba wote wa mfadhili", mtakataliwa kwa hoja ya usiri. Ombeni fungu la watumishi, kiasi kilichotumika hadi sasa na kilichobaki. Nafasi iliyokaa wazi miezi mitano ina fedha ambazo hazijatumika, na wafadhili wengi huruhusu kuhamisha kiasi ndani ya mafungu wakiombwa mapema kwa maandishi.

Halafu tenganisheni madai na deni. Vitu vilivyomo kwenye sheria havijadiliwi, vinalipwa. Hesabu ni hii. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333, kisha kwa 45, yaani karibu 195. Mlezi wa 390,000 ana saa ya shilingi 2,000. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu: 3,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi inaongezewa asilimia 5: shilingi 100 kwa kila saa. Usiku 15 wa saa kumi kumi ni 15,000 kwa mwezi. Palipo na makubaliano ya maandishi ya kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, zamu nne za saa 12 ni saa 48, kwa hiyo tatu ni za ziada kila wiki: 9,000, karibu 39,000 kwa mwezi. Saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne, na kati ya siku moja ya kazi na nyingine lazima kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo.

Mwajiri atasema usiku mlezi amelala na watoto, hafanyi kazi. Jibu liko kwenye daftari la zamu: mtoto aliyeamka na homa saa 7, aliyelowesha kitanda saa 9, mlango uliogongwa saa 10. Andikeni saa, tukio na kilichofanyika, kwa namba ya mtoto badala ya jina. Daftari la miezi mitatu linabishaniwa kwa shida sana.

Yanayobaki ni majadiliano halisi, na mengi hayali fedha nyingi. Idadi ya watoto kwa mlezi mmoja usiku. Nauli kutolewa kabla ya safari badala ya kurudishiwa baada ya wiki tatu. Kwenda wawili wawili kwenye kaya yenye historia ya vurugu. Siku ya mapumziko yenye malipo baada ya kifo cha mtoto au kushambuliwa kazini. Hili la mwisho wengi huona haya kulidai, na tunawasihi mlidai. Mlezi aliyezika mtoto Jumatano na kurudi zamu Alhamisi anaumia, na watoto waliobaki wanaona.

Kifungu kiwe na namba, muda na mwenye jukumu. "Mwajiri atajitahidi kupunguza mzigo wa kazi" hakina maana yoyote mbele ya mwamuzi. Andikeni hivi: "Mlezi wa usiku hatabaki na watoto zaidi ya 12. Idadi ikizidi, msimamizi wa zamu ataleta mlezi wa pili ndani ya saa 2." Mkataba ukishaandikwa, unafunga tangu saini ya mwisho. Nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi, hatua ambayo matawi mengi huisahau. Chama kikiwa ndicho mjadili pekee, mkataba unawagusa hata wasio wanachama.

Tunaweza kugoma wakati tuna watoto wachanga ndani? (Mlezi, Mwanza)

Sheria inazitaja huduma za afya kuwa huduma muhimu, na humo mgomo hauruhusiwi. Makao ya watoto hayakutajwa kwa jina, lakini kituo chenye zahanati ndani kina watu wa pande mbili, wa huduma za afya na wasio wa huduma hizo, na huduma nyingine inaweza kutangazwa kuwa muhimu. Panapoweza kugomwa, njia ni hii: mgogoro uwe wa maslahi (mnadai kitu kipya, si kile ambacho tayari kimo kwenye sheria au mkataba), upite siku 30 za usuluhishi CMA bila kuisha, wanachama wapige kura kwa mujibu wa katiba ya chama, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mgogoro wa malimbikizo ya saa za ziada ni wa haki, na huo unaamuliwa, haugomewi.

Kwa kazi kama yenu, kubalianeni mapema na mwajiri, ndani ya mkataba wa hali bora, huduma za chini zitakazobaki: nani atalisha, nani atatoa dawa, nani atalala na watoto. Mkiwa na makubaliano hayo hakuna atakayewaambia mmewatelekeza watoto.

Nilikuwa katibu wa tawi. Mkataba wangu wa mwaka umehuishwa mara tatu, safari hii nimeambiwa "umeisha". Mradi unaendelea, na nafasi yangu imetangazwa. Uongozi wa chama unasema niwe na subira, wanalishughulikia. Leo ni siku ya 19. (Msomaji, Iringa)

Ndugu, usisubiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufika CMA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Migogoro mingine ina siku 60, na watu wengi huzichanganya mbili hizi. Una siku 11, ukihesabu na za wikiendi.

Una hoja mbili, na uziweke zote. Kutohuisha mkataba wa muda ni kuachishwa isivyo haki iwapo ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba ungehuishwa. Kuhuishwa mara tatu, mradi kuendelea na nafasi kutangazwa vyote vinayaunga mkono. Pili, kuachishwa kwa sababu ya kuwa mwanachama au kushiriki shughuli halali za chama ni isivyo haki moja kwa moja.

Chukua fomu CMA F.1 kwenye ofisi ya CMA ya mkoa wako. Ijaze, umpatie mwajiri nakala na asaini kupokea. Akikataa kusaini, itume kwa njia yenye stakabadhi. Kisha iwasilishe CMA pamoja na uthibitisho huo. Fomu nyingi hukwama kwa kukosa uthibitisho wa mwajiri kupokea, kwa hiyo usiache hatua hiyo hadi siku ya 30. Ambatanisha mikataba yako yote, barua ya mwisho, picha ya tangazo la nafasi ikiwa na tarehe, na barua iliyokutambulisha kuwa katibu wa tawi. Chama kinaweza kuja kukuwakilisha kwenye usuluhishi hata kama fomu umeijaza mwenyewe.

Siku zikipita, iko fomu CMA F.2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri viongozi" ni maelezo dhaifu. Nenda kesho asubuhi.